Nakala ya Pili ya Harusi ya Hunaida

Ghalia, binti wa mzee Imhemed muuza mazulia, anafundisha jiografia katika shule ninayofundisha mimi hapa Misrata, na meza zetu katika chumba cha walimu zimegusana kwa miaka sita. Wanafunzi wanamjua kwa ramani. Mji unamjua kwa kamera. Upande wa wanawake wa harusi zetu mwanamume haingii, wala simu haziingii. Mlangoni anasimama mwanamke na kikapu, anapokea simu yako na kukupa namba. Ndani watu wamevua mitandio, wamevaa hariri na dhahabu, wanacheza kama mtu anavyocheza akiwa na hakika kwamba hakuna jicho la nje. Kamera iliyokuwa ikiruhusiwa ni ya Ghalia peke yake, na baadaye ikaongezeka ya Rabiha, wifi yake, dada wa mumewe.

Aliaminiwa kwa sababu ya maneno aliyowaambia akina mama kabla ya kupokea kazi. Picha haitoki nyumbani kwangu, aliwaambia. Haendi nayo studio, haiweki mtandaoni, hampi fundi. Anaihariri mwenyewe kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madumu ya mafuta ya zeituni, anaikabidhi mkononi, na siku arobaini zikipita anafuta kila kitu. Nakala moja, nyumba moja, ufunguo mmoja. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi hadi nikajua pale anapovuta pumzi.

Kuhusu kompyuta yenyewe hakujua mengi. Kaka yake Nuri, anayefanya kazi Malta, ndiye aliyenunua vipande na kumuungia alipokuja likizo, kisha akarudi zake. Ndani kulikuwa na diski moja kubwa. Ghalia alijua kwamba ikijaa unafuta, basi.

Mwezi wa nne mwaka jana, wiki moja baada ya harusi ya Hunaida, diski ile ilianza kutoa sauti. Aliniigizia pale shuleni kwa kugonga ukucha kwenye gilasi ya chai: tk, tk, kimya, tk. Akaniuliza kama inaweza kuwa vumbi. Nikamwambia huenda ni vumbi. Mimi nafundisha Kiarabu.

Harusi ya Hunaida haikuwa ya kuchezea. Mume alikuwa amepata kazi Izmir, Uturuki, na siku ya nane baada ya harusi maharusi walishaondoka. Mama yake Hunaida, Hajja Zaima, alikuwa akiisubiri video ili ampe dada yake aliyekuwa atasafiri kwenda huko wiki mbili baadaye. Na kulikuwa na jambo la nyanya mtu, Mama Tebra. Tangu afiwe na kitinda mimba wake, miaka tisa iliyopita, alikuwa anahudhuria harusi na kukaa tu kitini kama mgeni. Siku ya hina ya Hunaida aliinuka, akampa mtu fimbo yake, akaingia katikati akacheza. Nilikuwepo. Wapiga ngoma walipoteza mdundo kwa kushangaa, wakaupata tena, na ukumbi mzima ukawa unalia huku unapiga vigelegele. Ghalia alipiga picha huku kamera imelowa machozi yake.

Basi Jumamosi akaenda kununua diski mpya. Alichukua kalamu na karatasi ya mtihani iliyotumika upande mmoja, aandike atakachoambiwa.

Duka la kwanza ni la bwana mmoja mpole mwenye miwani, Fathi. Alimuuliza anataka ya ndani au ya nje. Ghalia akasema ndani ya nyumba. Fathi akaeleza kwamba ni ndani ya kompyuta au ya kuchomeka kwa waya. Kisha akamuuliza ya sahani au ya chipu: kuna ile yenye sahani inayozunguka ndani na sindano inayosoma, kubwa, ya bei nafuu, polepole, na kuna hii mpya, SSD, haina kitu kinachozunguka, ina kasi kama upepo, lakini ndogo na ghali. Kwa kuhariri video chukua ya chipu.

"Una video za ukubwa gani, dada?" Fathi akauliza.

"Za harusi."

"Harusi siyo ukubwa."

"Harusi ya siku tatu," akasema Ghalia, akidhani amejibu.

Fathi akamwambia arahisishe mambo, amletee diski yenyewe inayogonga, yeye ataihamisha, kesho aje kuchukua mpya ikiwa imejaa vitu vyake. Ghalia akasema haiwezekani. Fathi akauliza kwa nini. Haiwezekani tu. Bwana wa watu akaona kama ametukanwa, akamwambia yeye ana miaka kumi na minane dukani na hajawahi kutazama mali ya mtu.

"Ndugu yangu, sikusema utatazama," Ghalia akamwambia. "Nataka hata ukitaka, usiweze."

Akaondoka bila kununua. Duka la pili walimwambia ya chipu ni mtego: ya sahani ikitaka kufa inagonga, inakuaga, lakini ya chipu inakufa kimya kimya ukiwa unanawa mikono. Chukua ya sahani. Akaandika. Duka la tatu walimwambia tatizo siyo diski, tatizo ni umeme unaokatika kila siku, anunue kwanza betri ya kushikilia kompyuta. Akaandika na hilo. Nyumbani akampigia Nuri. Nuri akacheka, akasema wote hawajui kitu, anunue diski mbili pacha, kompyuta iandike kote mara moja, moja ikifa nyingine ipo. Ghalia akampigia Fathi kumuuliza kuhusu hizo pacha. Fathi, ambaye alikuwa amekwisha kumsamehe, akasema ni kweli, ila ukifuta kitu kwa bahati mbaya huku, na kule kimefutika saa hiyo hiyo.

Jumapili alinionyesha ile karatasi. Ilikuwa imejaa mishale. Pembeni mwanafunzi fulani alikuwa ameandika kwamba mto mrefu kuliko yote Libya ni Nile, na Ghalia alikuwa hajalikata jibu lile, kwa kuwa kichwa chake hakikuwepo. Aliniambia, "Kila mmoja wao nikimsikiliza naona ana haki. Nikitoka mlangoni sijui tena."

Kilichomkuta baada ya hapo ni kama kinachowakuta watu wengi waliochoka kuulizwa. Kwenye simu aliona ukurasa unaouza vifaa, muuzaji amejiandika jina la kike, na hapo pana diski ya kuchomeka, ndogo kama kipande cha sabuni, yenye nafasi ya tera kumi na sita. Bei yake ilikuwa chini ya ile ndogo kabisa ya Fathi. Inaletwa mlangoni siku hiyo hiyo. Ilikuwa diski ya kwanza ambayo haikumuuliza swali lolote. Akaiagiza.

Alipoichomeka, kompyuta ikaandika: tera kumi na sita. Akaanza kuhamisha. Jumapili jioni, Jumatatu, umeme ukakatika, akaanza tena, Jumanne ikamalizika. Majina yote ya video yakajipanga kwenye diski mpya kama wanafunzi mstarini. Akafungua mbili za mwanzo, zikacheza vizuri. Akashukuru.

Sasa ile ya zamani. Haikumjia akilini kuitupa jalalani na wake za watu wamo ndani. Jumatano baada ya kazi alimwomba mumewe, Miloud, fundi wa viyoyozi, aivunje. Miloud aliifungua uani, akazitoa zile sahani zinazong'aa kama kioo, akazipiga nyundo hadi zikawa vipande, na Ghalia akavitia vipande kwenye ndoo ya dawa ya kufulia, kwa usalama. Siku hiyo hiyo akasafisha kadi zote za kamera, zake na za Rabiha, kwa sababu Alhamisi kulikuwa na harusi nyingine.

Ijumaa wamekula bazini, ule ugali wa shayiri, watoto wamelala, akaketi kuikata, yaani kuihariri, harusi ya Hunaida. Video ya kwanza ikafunguka, ya pili ikafunguka. Ya tatu haikufunguka. Ya nne nayo. Jina lipo, ukubwa upo, ndani hamna. Akazima kompyuta, akawasha. Akabadilisha waya. Akazipitia zote mia mbili na kitu, moja baada ya moja. Kati ya siku tatu za harusi alibaki na dakika ishirini za wanawake wakikabidhi simu zao mlangoni.

Alimpigia Fathi. Fathi akamwomba aielezee ile diski, kisha akamweleza kwamba ndani ya boksi lile kuna kadi ndogo kama ya simu iliyofundishwa kusema uongo: inapokea majina, na vitu vyenyewe vikizidi nafasi yake inavimwaga.

"Lakini hilo dogo," akasema. "Ile ya zamani si ipo?"

"Ipo kwenye ndoo."

"Ndoo gani, dada?"

Ghalia akakata simu. Hakuweza kuieleza ndoo.

Jumamosi asubuhi aliniita kwake. Nilimkuta amekaa kwenye ile stoo, hajachana nywele, ameshika ile diski ya uongo mkononi anaigeuza huku na huku. Alikuwa hajui aanzie wapi. Mara alitaka kwenda kwa Hajja Zaima, mara alitaka kumwandikia muuzaji, ambaye ukurasa wake haukuwepo tena, mara alinigeukia na kuniuliza kama ninakumbuka Mama Tebra alicheza upande wa kulia au wa kushoto wa ukumbi, kana kwamba nikikumbuka itarudi. Nikamwambia kushoto. Sikuwa na hakika.

Ndipo akaingia Rabiha. Alikuwa amesikia kwa Miloud. Alikuja na kompyuta mpakato ameificha chini ya rida lake, lile shuka la kujitanda, akaiweka juu ya dumu.

"Wifi, kaa kwanza."

"Nimekaa, wifi. Sema."

"Zile kadi zangu. Kila nikimaliza harusi, kabla sijakuletea, nazihamishia humu. Tangu mwaka juzi."

Ghalia alimtazama kama mtu anayesikia lugha ya ugenini. "Kadi zipi?"

"Zangu. Za kamera ya pili. Harusi zote."

"Harusi zote?"

"Nilikuwa najifunza kukata. Wewe nilikuomba mara mbili unifundishe, ukaniambia shika kamera tu."

"Kwa hiyo miaka miwili mimi naapa mbele ya mama za watu kwamba nakala ni moja," akasema Ghalia polepole, "na wewe umewafungia mabinti zao kabatini kwako."

"Ina neno la siri. Mume wangu anadhani ni mapishi."

Mimi nilitazama sakafu. Ghalia aliinuka, akasimama mbele ya Rabiha, karibu kabisa.

"Sijui nikukumbatie au nikufukuze," akasema.

"Lolote, wifi. Ila Hunaida yumo."

Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Alitoka akaenda uani, akakaa huko muda mrefu. Baadaye aliniambia alikuwa amesimama juu ya ile ndoo akijaribu kukasirika, na kila akianza kukasirika anamkumbuka Mama Tebra, anaona furaha, kisha anaona aibu kwa ile furaha. Aliporudi alisema tu, "Fungua."

Tukatazama. Kamera ya Rabiha ilikuwa ya pembeni, na mkono wake wakati ule ulikuwa bado haujatulia. Kuingia kwa bibi harusi, ambako Ghalia alikuwa amekupiga kwa mbele, kulionekana kwa nyuma: mgongo wa Hunaida, na nyuso za wanawake wote zikimgeukia. Lakini hina ilikuwepo. Nyimbo zilikuwepo. Na Mama Tebra alikuwepo kuanzia alipotoa fimbo mpaka aliporudi kitini. Alikuwa upande wa kulia.

Rabiha akasema basi, ikatwe hii, ikabidhiwe, nani atajua? Kusema kweli nami nilimuunga mkono. Nilisema mama wa watu anataka video, video ipo, kwa nini kumtia presha. Ghalia alikwenda jikoni. Alikata mboga, akapika, akaunguza. Ilipoadhiniwa alasiri aliswali, akavaa, akachukua ile kompyuta ya Rabiha mwenyewe, akasema anakwenda kwa Hajja Zaima na anayetaka amfuate. Tukamfuata wote wawili.

Hajja Zaima alitupokea kwa chai na makrudhi, vile vitafunio vya tende, akidhani kazi imekwisha. Ghalia alimwambia kila kitu, kwa mpangilio, kama anavyoeleza ramani: sauti ya kugonga, maduka, ile diski ya uongo, nyundo, ndoo. Kisha akamweleza ile nakala ya pili ambayo hakuijua, na iliyomfanya awe mwongo kwa miaka miwili. Rabiha hakuinua kichwa.

Hajja Zaima aliweka gilasi yake ya chai chini.

"Nani mwingine ameiona?" akauliza.

"Sisi watatu," akasema Ghalia. "Na ni leo tu."

"Nionyesheni."

Aliitazama yote pale pale, saa nzima na zaidi, hakuna aliyegusa makrudhi. Mama yake alipotokea akicheza, aliinuka akamwita, na Mama Tebra akaja na fimbo yake, akakaa, akajitazama. Aliuliza kwa nini kamera imeinama. Akaambiwa ndiyo mkono wa Rabiha. Akasema yule mwanamke kwenye video ni mnene kuliko yeye.

Mama Tebra alipoondoka, Hajja Zaima alimgeukia Ghalia. "Mwanangu, kama ungekuja kuniambia imepotea, ningekulaumu. Kama ningesikia mtaani kuna nakala kwa wifi yako, ningekulaumu zaidi. Sasa umeniletea yote mawili kwa sinia moja, sijui nikulaumu kwa lipi."

"Hata mimi sijui, Hajja."

"Hebu niambie. Kwa nini hiyo nakala ya pili iwe kwako, au kwa wifi yako? Binti ni wangu. Niletee nikae nayo mimi. Ukimaliza kazi na ukanikabidhi video, utaifuta hiyo mbele yangu."

Katika maduka matatu, na Malta, hakuna aliyekuwa amemwambia Ghalia hilo. Aliniambia wakati tunarudi kwamba bado hakuelewa kama amesamehewa.

Video ilikatwa kwa siku tano, na Rabiha alikaa kwenye kiti cha pembeni akifundishwa, kwa sababu Ghalia alisema afadhali afundishwe kuliko aibe. Dada yake Hajja Zaima aliibeba hadi Izmir kwenye mkoba. Hunaida alipiga simu akilia, akamwambia mama yake kwamba hakujua wanawake walimtazama namna ile alipoingia. Zile harusi nyingine za Rabiha, Ghalia hakuzifuta kimya kimya. Ilimchukua mwezi mzima kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alimfungia mlango na hadi leo hamsalimu. Wawili walishukuru, kwani zao walikuwa wamezipoteza. Waliobaki waliitazama, wakamsimamia akifuta, wakamkaribisha chai, na kazi zilipungua mpaka kiangazi. Kisha zikarudi, siyo zote.

Diski alirudi kununua kwa Fathi. Alichukua ndogo ya chipu ya kukatia, na kubwa ya sahani ya kuhifadhia, na ile betri ya kushikilia umeme. Fathi akamsifu kwamba sasa amekuwa mtaalamu. Ghalia akamwambia amechagua hizi kwa sababu ndizo alizozielewa nusu, nyingine hakuzielewa kabisa. Nuri aliposikia alisema amekosea.

Sasa maneno yake kwa akina mama yamebadilika, na hayatoki kwa ulaini ule wa zamani. Anawaambia nakala zitakuwa mbili, moja kwake na moja kwao, na walete diski yao wenyewe, iliyonunuliwa dukani kwa mtu mwenye uso. Wengine wanauliza maswali mpaka anachanganyikiwa, wengine wanasema wao hawajui mambo ya mashine. Kuna mmoja aliifunga diski yake kwenye mfuko akaiweka kwenye friza pamoja na nyama.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yetu. Mpwa wangu ameolewa, na mama yake hayupo duniani, hivyo diski nimepewa mimi. Ghalia alinikabidhi mkononi, akaniambia isipate joto, isipate maji, isidondoke. Nimeiweka kabatini kati ya mashuka. Kila asubuhi nafungua kutazama kama ipo. Sikumuuliza ilazwe au isimamishwe, nimeona haya kumuuliza, kwa hiyo siku nyingine naisimamisha, siku nyingine naiinamisha kidogo.